Chuo kikuu nje ya kuta: nani atafika Msimbati?

Leo naanza na swali. Kati ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ile idara yake ya kufundisha watu wazima, kipi kilizaliwa kwanza? Wengi mtajibu upesi kwamba chuo ndicho kilichotangulia, kwa sababu mtoto hamtangulii mama. Lakini mambo hayakwenda hivyo. Chuo chetu kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi 14 tu wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1960, Makerere ya Uganda, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya mwavuli wa Chuo Kikuu cha London, ilikuwa imekwisha kufungua kitengo cha masomo ya watu wazima hapo hapo Dar es Salaam. Kwa hiyo karani au mwalimu wa shule aliweza kumsikiliza mhadhiri wa chuo kikuu baada ya saa za kazi, kabla nchi yenyewe haijawa na chuo kikuu.

Sisemi haya kwa kupenda tarehe. Nayasema kwa sababu siku hizi tukisikia neno chuo kikuu, kinachotujia kichwani ni majengo, geti, joho na cheti. Tumesahau kwamba ule upande wa nje, unaowafuata watu walipo, si kiraka kilichoshonewa baadaye. Ulikuwapo tangu mwanzo. Na sisi tunaoishi huku Kusini, kati ya Mtwara na maingilio ya mto Ruvuma, tuna sababu kubwa kuliko wengine ya kuuliza umefikia wapi.

Wazo lenyewe lilianza Uingereza. Mwaka 1867 mwalimu kijana wa Cambridge aitwaye James Stuart alialikwa kutoa mihadhara kwa wanawake wa miji ya kaskazini, wanawake ambao chuo chake kisingewapokea hata kama wangebisha hodi. Alikwenda. Akazunguka mji hadi mji, na baadaye akawafundisha hata wafanyakazi wa reli. Mwaka 1873 Cambridge yenyewe ikaikubali kazi hiyo kuwa kazi yake rasmi. Vyuo vingine vikaiga, na kazi hiyo ikapewa jina la Kilatini lenye maana ya "nje ya kuta". Makerere ilianzisha idara yake ya namna hiyo mwaka 1953, na kitengo cha Dar es Salaam cha mwaka 1960 kilikuwa tawi lake.

Tusidanganyane kuhusu mwanzo huo. Mihadhara ya siku zile ilikuwa ya mjini, na kwa sehemu kubwa ilikuwa ya watu wanaojua Kiingereza. Mvuvi wa Msimbati hakuwa na nafasi pale, wala mama wa Nanyamba. Lakini msingi ulikuwa umewekwa: kwamba mtu akikosa kwenda chuoni, chuo kina wajibu wa kumfuata.

Na ni nani aliyekosa kwenda chuoni kuliko mtu wa Kusini? Hebu fikirini njia aliyopita Benjamin Mkapa, Rais wetu wa Awamu ya Tatu. Alizaliwa Masasi mwaka 1938, akasoma Lupaso, kisha Ndanda, kisha Kigonsera, kisha Pugu, ndipo akafika Makerere. Kila ngazi ilikuwa mbali zaidi na nyumbani. Kwa kila aliyefika mwisho wa njia ile, wako wangapi waliobaki njiani, si kwa uzito wa vichwa bali kwa urefu wa safari? Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatwa na mto Rufiji. Mvua ikinyesha sawasawa, magari yalikaa kwenye kivuko cha Ndundu siku kwa siku, na Kusini ikawa kama kisiwa. Daraja la Rufiji, ambalo leo lina jina la huyo huyo Mkapa, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo tulitegemea meli, na meli nayo ilikuja ilipotaka.

Sasa turudi kwenye idara yetu. Mwaka 1963 ilitoka mikononi mwa Makerere ikawa ya chuo cha Dar es Salaam, na punde ikaitwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Ikaanza kuweka mikoani watumishi walioitwa wakufunzi wakaazi. Jina hilo nalipenda. Mkufunzi mkazi haji na ndege ya asubuhi akaondoka na ya jioni. Anakaa. Anajua shimo la barabara liko wapi, anajua msimu wa korosho watu hawaji darasani, anajua ni nani kijijini akisema watu wanasikia.

Mambo yalibadilika kwa kishindo mwisho wa mwaka 1969, pale Mwalimu Nyerere alipotangaza kwa redio kwamba mwaka 1970 utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: watoto watakuja kuijenga nchi baada ya miaka mingi, lakini wanaoijenga leo ni wazazi wao, basi wazazi wasiachwe gizani wakisubiri watoto wakue. Zikachaguliwa wilaya sita zioneshe njia kwa kufuta ujinga wa kusoma na kuandika hadi mwisho wa mwaka 1971. Moja ya wilaya hizo ilikuwa Masasi. Baadaye, mwaka 1971, TANU ikaazimia kwamba kazi hiyo ikamilike nchi nzima mwaka 1975.

Wazee wanaokumbuka madarasa ya ngumbaru wanajua yalivyokuwa. Darasa chini ya mwembe au katika shule ya msingi baada ya watoto kutoka. Mama amerudi shamba, amevaa kanga yake, mtoto mgongoni, daftari mkononi. Mwalimu mara nyingi alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, naye alilipwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Kijana huyo ilimbidi kwanza awaamkie wanafunzi wake shikamoo mmoja mmoja, ndipo ashike chaki. Na huku pwani kulikuwa na jambo lake: mzee wa Mikindani aliyesoma chuoni utotoni na kuandika barua kwa herufi za Kiarabu maisha yake yote aliketi benchi moja na mtu ambaye hajawahi kushika kalamu, na wote wawili wakahesabiwa wanafunzi wapya. Wako waliokasirika, na mimi siwalaumu.

Hesabu za taifa zilipanda ajabu. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1975, ulipofanyika mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo, zaidi ya watu milioni tano walikuwa wameandikishwa madarasani, na wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa asilimia 39. Mwaka 1986 serikali ilitaja asilimia 9.6. Mtu anaweza kuzitilia shaka takwimu za namna hiyo, maana kiongozi wa wilaya hakupenda kuwa wa mwisho katika orodha. Lakini hata ukipunguza chumvi, chakula kinabaki.

Nataka nikae zaidi kwenye kazi nyingine ya Taasisi, kwa sababu ni kazi iliyofanywa kwa chombo hiki hiki ninachokizungumzia, yaani redio. Mwaka 1969 walianza na kampeni ya Kupanga ni Kuchagua, iliyoeleza mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano. Mwaka 1970 ikaja Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, ikaja Wakati wa Furaha. Kila mara walijaribu, wakapima, wakarekebisha. Mwaka 1973 wakawa tayari kwa kampeni kubwa kuliko zote, Mtu ni Afya.

Jinsi ilivyofanya kazi ni hivi. Kwanza walifundishwa viongozi wa vikundi, takriban 75,000 nchi nzima. Vikachapishwa vitabu kwa Kiswahili chepesi. Kisha, kwa majuma kumi na mawili, vikundi vilikutana kila juma mbele ya redio. Kipindi kikisikika, redio inazimwa. Hapo ndipo kazi inaanza. Kiongozi anafungua kitabu, wanasoma pamoja, wanaulizana: hapa kwetu malaria inatoka wapi? Maji ya kunywa tunayateka wapi, na juu yake kuna nini? Watoto wana safura kwa nini? Kikundi hakikuruhusiwa kutawanyika bila kuamua jambo la kufanya kabla ya juma lijalo. Basi watu wakachimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba, wakafukia madimbwi, wakachemsha maji. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni mbili, katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa na watu kama milioni kumi na nne.

Angalieni vizuri kilichofanyika hapo. Daktari hakuwafuata wote, asingeweza. Lakini maarifa yake yalipangwa na watu waliosomea kupanga maarifa, yakapitishwa redioni, yakatua kwenye kikundi chenye kitabu na kiongozi, yakaishia kwenye jembe. Hakuna aliyepewa cheti. Cheti kilikuwa choo. Miaka miwili baadaye, 1975, ikafuata Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 Misitu ni Mali.

Mwaka huo huo wa 1975 Bunge lilipitisha sheria namba 12 iliyoifanya Taasisi kuwa shirika linalojitegemea, nje ya Chuo Kikuu. Sababu zilikuwapo. Kazi ilikuwa imekuwa kubwa mno kwa idara moja ya chuo, na serikali ilitaka chombo chake yenyewe. Taasisi ilikwisha kuanzisha masomo kwa njia ya posta, na baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 nchi ilihitaji kwa haraka maelfu ya walimu wa elimu ya msingi kwa wote, ambao walifundishwa kwa kuchanganya posta, redio na mazoezi ndani ya madarasa. Pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa wakati huo kwa kuiga mfano wa Sweden. Huku kwetu tuna vya Mtawanya, Newala na Masasi.

Lakini kutengana kule kulikuwa na gharama ambayo, kwa maoni yangu, haikupigiwa hesabu. Taasisi ilibaki na njia za kwenda vijijini, Chuo Kikuu kikabaki na wataalamu. Mtaalamu wa sheria, wa bahari au wa miamba pale Mlimani hakuwa tena na dada wa nyumba moja wa kumwambia: twende Newala, kuna watu wanataka kukuuliza maswali. Chuo kiliendelea kuwa na idara ya elimu ya watu wazima, na idara hiyo iliwapa watu shahada za kufundisha watu wazima. Hilo ni jema. Ila kumfundisha mwalimu wa mvuvi si sawa na kukutana na mvuvi.

Halafu miaka ya themanini ikaingia na shida zake. Vita vya Kagera vilikuwa vimemaliza akiba, mafuta yalipanda, fedha za serikali zikapungua, na wafadhili wakataka tupunguze zaidi. Posho ya mwalimu wa ngumbaru ikachelewa, kisha ikakoma. Maktaba za vijiji zikaliwa na mchwa. Magazeti ya vijijini, kama lile la Elimu Haina Mwisho lililoanza kanda ya Ziwa mwaka 1974, yakakosa karatasi. Na mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 40, asipopata cha kusoma, husahau. Kufikia mwaka 1992 ilikubalika kwamba wasiojua kusoma wameanza kuongezeka tena, wamefika kama asilimia 16. Tulijenga nyumba tukasahau kuezeka.

Mwaka huo huo wa 1992, hata hivyo, kulizaliwa kitu kingine. Bunge lilipitisha sheria namba 17 ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo kikaanza kazi Machi 1993, kikazinduliwa rasmi tarehe 19 Januari 1994, na Makamu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari. Hiki hakikuwa idara ya nje ya chuo fulani. Chote kilikuwa nje ya kuta. Kilifungua vituo mikoani, na Mtwara ikapata chake. Mwalimu wa shule ya msingi wa Tandahimba akaweza kusoma shahada huku akifundisha, analea na analima, akaja mjini kwa mitihani na kukutana na wakufunzi, kisha akarudi kwake. Wale waliosoma kwa taa ya chemli katika miaka ile ya kwanza, vitabu vikichelewa na barabara zikikatika, wanastahili heshima zaidi kuliko tunayowapa. Wako wakuu wa shule na maofisa wengi katika mkoa huu ambao bila chuo kile wangebaki na cheti cha daraja la tatu A hadi kustaafu.

Chuo Huria kina hata Taasisi yake ya Elimu Endelevu, kwa ajili ya kozi fupi na masomo ya kujiendeleza. Nayo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima haijalala. Mwaka 1999 mpango wa MEMKWA, wa watoto na vijana walioikosa elimu ya msingi, ulipojaribiwa katika wilaya tano za nchi, Masasi ilikuwa mojawapo, kama ilivyokuwa mwaka 1970. Na Novemba 2021, serikali iliporuhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warudi kusoma, Taasisi ndiyo iliyopewa kazi ya kuendesha vituo vya sekondari kwa njia mbadala. Katika mkoa ambao mimba za utotoni zimekuwa donda la miaka mingi, msichana anayerudi kusoma huku amemwacha mtoto kwa bibi yake anajua thamani ya kituo kile kuliko mimi ninayekizungumzia.

Basi malalamiko yangu ni yapi? Angalieni yote niliyoyataja tangu mwaka 1992. Yote yanamtafuta mtu anayetaka cheti: shahada, stashahada, kidato cha nne, mtihani wa maarifa. Cheti si dhambi, na anayekidharau kwa kawaida ana chake ukutani. Lakini yule mtu asiyetaka cheti, anayetaka kuelewa jambo moja lililomfika mlangoni, amebaki na nani?

Na pwani hii yamefika mlangoni mengi. Mwaka 2000 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Eneo la kilomita za mraba zipatazo 650, lenye matumbawe, mikoko na kasa, likawekewa sheria, na ndani yake mna vijiji vilivyokuwapo kabla ya sheria hiyo. Uvuvi wa baruti ulikuwa unaua mazalia ya samaki, hilo halina ubishi. Lakini mvuvi anayeambiwa asitupe wavu mahali alipovua babu yake ana haki ya kuelezwa samaki huzaa wapi, kwa muda gani, na kwa nini wavu wa macho madogo unamla mwanawe. Tena aelezwe na mtu anayejua, na ambaye siye anayemkamata. Mlinzi wa hifadhi akigeuka mwalimu jioni, nani atamwuliza swali kwa uhuru?

Kisha gesi. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, ikalala ardhini zaidi ya miaka ishirini, kisha ikaanza kutoa umeme wa Mtwara. Ilipotangazwa kwamba bomba litajengwa kuipeleka Dar es Salaam, mnakumbuka kilichotokea Januari na Mei 2013. Watu walikufa, nyumba na ofisi zilichomwa, jeshi likaingia mjini. Bomba likajengwa, mtambo wa kusafisha gesi ukasimama Madimba, na mwaka 2015 gesi ikafika Dar es Salaam. Sitaki kufukua nani alikosea. Nasema hili moja: mikutano ya hadhara iliitishwa mingi, lakini mkutano wa hadhara si darasa. Mkutanoni mwenye kipaza sauti anaongea na wengine wanashangilia au wanazomea. Darasani mtu anauliza: mrabaha ni nini? Halmashauri inapata kiasi gani katika kila fedha inayoingia? Kampuni inakata gharama zake kwanza au serikali inachukua kwanza? Kwa nini mtambo mmoja mkubwa unaajiri watu wachache hivyo? Maswali hayo yana majibu. Wanayafahamu wahadhiri wa uchumi na sheria kadhaa, nao wanayafundisha kila mwaka kwa vijana wenye umri wa miaka 22. Kijana wa Mtwara mwenye pikipiki ya kukodi hakuwahi kuketi nao saa mbili.

Na jambo la kila msimu ni korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza mkoani kwetu mwaka 2007. Mkulima anapeleka korosho zake chama cha msingi, zinapimwa na kupangwa daraja, anapewa karatasi, mzigo unaenda ghala kuu, unanadiwa, kisha analipwa baada ya makato. Siku hizi minada inapita kwenye mtandao wa kompyuta wa Soko la Bidhaa, na malipo yanaingia benki. Kila hatua ni ya kusoma: namba ya kilo, daraja, orodha ya makato, ujumbe wa benki kwenye simu. Anayejua kusoma hayo hubishana na karani kwa hoja. Asiyejua humwamini karani, au humkimbilia mnunuzi wa kangomba anayepima kwa bakuli na kulipa papo hapo nusu ya bei. Ni kweli wengi huuza kwa kangomba kwa sababu ya njaa, na darasa halishibishi. Lakini wako wanaouza kwa sababu bakuli wanalielewa na karatasi hawaielewi.

Nimemsikia mtu akisema siku hizi kuna simu, kila kitu kimo humo. Simu ni kama redio ya 1973 bila kitabu, bila kikundi, bila kiongozi na bila uamuzi wa juma lijalo. Inasema mengi, ya kweli na ya uongo, kwa sauti ile ile.

Si kwamba Mtwara ya leo haina wasomi. Tuna kituo cha Chuo Kikuu Huria. Tuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris tangu mwaka 2009. Tuna tawi la Taasisi ya Uhasibu, vyuo vya ualimu, VETA, chuo cha Mtawanya, na watafiti wa Naliendele ambao kwa miaka mingi wamewafundisha wakulima kupambana na ubwiri unga wa mikorosho, na ambao kwa kweli ndio walioiendeleza kazi ya nje ya kuta kuliko wengi wenye jina hilo. Mwaka 1960 tulikuwa na karibu sifuri katika orodha hiyo.

Kinachokosekana ni mtu wa kuwaunganisha, na fedha kidogo ambazo hazitokani na ada. Maana hapo ndipo fundo lilipo. Taasisi inayoishi kwa ada itafundisha wanaolipa ada, na wanaolipa ada wanataka cheti. Mvuvi wa Msimbati hatalipa ada ya kuelezwa sheria ya hifadhi. Lakini halmashauri zinazopata ushuru wa korosho na ushuru wa huduma kutokana na gesi zinaweza kulipia petroli ya mhadhiri, chai na karatasi kwa jioni sita katika kijiji kimoja. Hayo si mabilioni. Ni chini ya gharama ya semina moja ya siku tatu hotelini, yenye posho, ambayo washiriki wake ni wale wale tunaowajua.

Mkufunzi mkazi bado yupo katika muundo wa Taasisi, mkoa kwa mkoa. Kipindi kijacho cha bajeti za halmashauri huanza kuandaliwa kabla mwaka haujaisha, na madiwani wa Msimbati, Madimba na Mahurunga wanajua ofisi yake iko wapi.